"Kwani Wewe ni Mtoto wa Nani?" Kuandika Historia ya Mtaa Wetu

(Mazungumzo kwa vijana, Mombasa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Vijana wenzangu, shukran kwa kuja, najua Jumamosi jioni kuna mpira. Nimeambiwa nizungumze kuhusu historia, na nimeona wawili huko nyuma washatoa simu. Sawa, zitoeni. Leo simu ndiyo kifaa chenyewe cha kazi.

Niwaulize kitu kwanza. Ukiingia nyumba ya mzee yeyote hapa mjini, umetoa salaam, umeketi, swali la kwanza ni lipi? Haulizwi jina lako. Huulizwa: "Kwani wewe ni mtoto wa nani?" Ukisema jina la babako, anakunja uso kidogo, anatafuta. "Fulani wa Kibokoni ama fulani wa Majengo?" Ukijibu, uso unafunguka. "Ah! Kumbe wewe ni mjukuu wa bi fulani, nyanyako alikuwa akiuza viazi karai pale kwenye kona." Basi, ushakuwa mtu. Chai inaletwa.

Sasa hilo swali ndilo pia uliloulizwa ulipokwenda kuchukua kitambulisho. Wewe ni mtoto wa nani, babu yako alizaliwa wapi, lete cheti cha babako, lete cha babu. Wengi wetu tumekaa mbele ya ile kamati ya ukaguzi tukajikuna kichwa. Swali ni moja, lakini nyumba moja imekupa chai na nyingine imekwambia urudi wiki ijayo na mzee wa mtaa. Na ukweli ni kwamba wengi wetu hatuna jibu zaidi ya jina la babu. Tukifika kwa baba wa babu tumepotea.

Hapo ndipo nataka kuanzia, manake watu wakisikia "historia ya mtaa" hufikiri ni mambo ya makumbusho, kanzu na bui bui za zamani, picha za kuwavutia watalii. Ama kujisifu: sisi tulikuwa hivi, sisi tulikuwa vile. Mimi naizungumzia kama kazi ya kuweka ushahidi. Ushahidi kwamba tulikuwa hapa, tuliishi hivi, tulifanyiwa haya na sisi wenyewe tulifanya haya.

Ngoja niwape mfano wa ndugu zetu Wanubi wa Kibra. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumika katika jeshi la Waingereza. Waliwekwa pale nje ya Nairobi, na mwaka 1918 eneo lile likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000. Jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Uhuru umekuja, na watoto waliozaliwa pale, wa baba waliozaliwa pale, wakaitwa wageni. Vitambulisho shida, ardhi hawana. Walifanya nini? Hawakulia tu. Wazee walikumbuka nani alijenga wapi, familia zikatoa vyeti vya jeshi, nishani, picha za harusi, makaburi yakaonyeshwa. Mambo yao yakafika mpaka kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto, na Machi 2011 kamati ile ikasema wazi kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia wao. Mwaka 2017 wakapewa hati ya ardhi ya jamii, ekari 288. Kutoka 4,000 na ushei mpaka 288, hesabu hiyo fanyeni wenyewe. Lakini hata hizo 288 zisingepatikana kama hakuna aliyeweza kusimama akasema nyumba hii ilijengwa na fulani, mwaka fulani, na huyu hapa mjukuu wake.

Turudi kwetu Pwani. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi. Kila anayedai shamba au kiwanja katika ule ukanda wa maili kumi alitakiwa ajitokeze apeleke dai lake kwa afisa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Sasa jiweke wewe pale. Una shamba uliloachiwa na babu, mpaka wake ni mwembe ule na kisima kile, kila mtu anajua. Hujasikia tangazo. Ama umesikia, lakini ofisi iko mbali na lugha si yako. Ama shamba ni la ukoo mzima, kama kwa ndugu zetu Wamijikenda, na sheria haikuwa na mahali pa kuandika ukoo mzima. Ndiyo mpaka leo watu wanaitwa maskwota kwenye kaya za wazee wao. Na hapa kisiwani tuna ajabu yetu wenyewe, nyumba bila ardhi. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo, vyumba sita na ukumbi katikati, kuta ni zako, bati ni lako, umerithi kwa mamako, lakini chini si pako, na kila mwezi kuna mtu wa kulipwa kodi ya kiwanja. Vijana wangapi hapa mumelala kwenye nyumba kama hiyo usiku wa jana? Mikono naiona. Wangapi wanajua mkataba wa kwanza ulikuwa kati ya nani na nani? Hakuna. Na risiti za zamani ziko wapi? Kwenye kasha la mama, chini ya kanga, zinaliwa na mende.

Mimi nimewahi kushindwa kwa sababu hii hii. Nyuma ya msikiti mmoja, siutaji, palikuwa na kipande ambacho wazee wote walisema ni makaburi ya zamani. Siku moja mtu akaja na hati na mafundi. Tukakusanyika, wazee wakasema, wengine wakalia. Tukaulizwa: waliozikwa hapa ni nani, lini, nani aliweka wakfu? Mzee mmoja alijua majina manne. Mwingine alijua, lakini alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia, na hakuna aliyemuuliza. Sisi tulikuwa na machozi na mwenzetu alikuwa na karatasi. Ukuta ukajengwa. Napita pale kila Ijumaa.

Tangu siku hiyo nikaanza kubeba daftari.

Sasa msifikiri hii kazi ni ya wazungu wa chuo kikuu. Ni kazi ya watu wa hapa hapa toka zamani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Alitunga wakati mji uko vitani na Seyyid Said, mambo ya siasa, mapenzi, njaa, kila kitu. Hakuacha kitabu. Miaka ikapita, waliokuwa wakizikumbuka tungo zake wanakufa mmoja mmoja. Akatokea mwalimu mmoja wa hapa Mvita, jina lake Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akazikusanya zile tungo na kuzieleza, akishirikiana na mmishonari mmoja aliyekuwa akiishi hapa, William Taylor. Diwani ikaja kuchapishwa 1940, miaka 100 baada ya Muyaka kufa. Mwaona jambo hilo? Tunajua kwa sababu ya mtu anayeitwa Sikujua. Na karatasi zenyewe leo ziko London. Nawaambia bila chuki, alizichukua aliyezithamini. Swali ni kwa nini kasha la hapa halikuzihifadhi.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye, yule aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika historia ya ukoo wake na mji huu kwa Kiarabu. Alifariki 1947. Historia ile ilichapishwa kitabu mwaka 1995. Miaka 48 imekaa. Mswada ukikaa miaka 48 Mombasa, na huu unyevu wetu, ukabaki kusomeka, hiyo ni rehema tu.

Na kuna jambo jingine la kusikitisha hapo. Wengi wenu hapa mumepita chuoni, Alhamdulillahi, Qur'ani mwaisoma. Babu zetu waliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo: barua za biashara, hati za mahari, madeni, tarehe za kuzaliwa watoto nyuma ya msahafu. Kijana anaishika ile karatasi, anafikiri ni dua, anaibusu na kuirudisha. Kumbe imeandikwa kwamba babu yake amenunua minazi 12 kwa fulani! Herufi unazijua na lugha ni yako. Keti uisome polepole, mara ya kwanza itakutoa jasho, ya tatu utaizoea.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe inavyofanywa, manake hapo ndipo watu huharibu.

La kwanza usiende na swali la "nieleze maisha yako." Mzee atakwambia "maisha yangu ni ya kawaida tu, mwanangu," na mazungumzo yameisha. Nenda na kitu. Nenda na picha ya zamani, ama muulize kuhusu kisima, kuhusu kona, kuhusu mti uliokatwa. "Bibi, pale penye duka la simu palikuwa na nini?" Hapo utamsikia. Atakwambia palikuwa na nini, na nani alipauza, na ugomvi uliokuwepo, na nani alioa kwa sababu ya ugomvi huo. Wakati mwingine namwomba mzee apange vijiwe sakafuni: huu msikiti, hii nyumba ya fulani, hapa njia ya kwenda baharini. Mikono yake inakumbuka kuliko ulimi.

Zimeni feni. Nacheka lakini nasema kweli. Nina saa tatu za mzee mmoja, na kwenye rekodi ni feni tu inazungumza. Ukiona joto limezidi, simamisha, pumzikeni, mnywe maji, muendelee. Adhana ikilia, simamisha pia. Na mwanzo wa kila rekodi sema kwa sauti: leo ni tarehe fulani, tuko mahali fulani, nazungumza na fulani. Unafikiri utakumbuka. Hutakumbuka.

Tafadhalini, waulizeni akina mama. Sisi wanaume hukimbilia kwa mzee mwenye bakora na kofia ya vito. Atakupa vita na wafalme. Lakini nani alizaa lini, nani alinyonya kwa nani, nyumba ilipita kutoka mkono upi kwenda upi, hayo wanayo akina bibi. Mwanamke mmoja jikoni kwake, huku akikuna nazi, alinipa vizazi vitano bila kusimama.

Halafu nani kakwambia? Hapa sisi tuna elimu ambayo wengine waliitafuta kwa muda mrefu. Tumefundishwa kwamba hadithi haikubaliwi bila isnadi: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani, na kila mmoja anachunguzwa. Basi tumieni hiyo. Mzee akisema "mwaka ule wa njaa," muulize: wewe uliona ama uliambiwa? Aliyekwambia alikuwapo? Andika hivyo hivyo: kaona mwenyewe, kasikia kwa mamake. Kisha mtafute wa pili. Wakitofautiana usichague unayempenda, waandike wote wawili. Na usimtengenezee mzee Kiswahili chake. Akisema "nchenda" usiandike "nilikwenda." Hiyo lugha nayo ni sehemu ya ushahidi wa alikotoka.

Karatasi za watu usiondoke nazo. Zipige picha pale pale, karibu na dirisha, bila flashi, ukazirudishe mkononi mwa mwenyewe. Na msizipeleke zikafunikwe kwa plastiki ya moto! Watu wanafikiri wanahifadhi, kumbe wanaua. Weka nakala mbili mahali tofauti, moja isiwe kwenye simu yako. Simu Mombasa hii mwaijua wenyewe.

Na upande wa serikali msiogope. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi katikati ya mji, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia akasoma faili za wakoloni kuhusu wilaya yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuna sheria ya 2016 inayoeleza utaratibu wa kuomba. Utakuta DC wa zamani kaandika kuhusu mtaa wako kwa dharau. Soma hivyo hivyo. Ndani ya dharau kuna tarehe na majina.

Mtaniuliza, je, kuandika kunabadilisha kitu kweli? Nikumbusheni Wagalla. Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege nje ya Wajir, na waliouawa serikali ikasema ni 57. Wenyeji wakasema ni mamia, wengine wakasema maelfu. Kwa miaka mingi ukilitaja hilo jambo hadharani umejitafutia. Lakini wajane walikuwa wanajua majina. Watu waliyaweka majina, wakayaandika, na mwaka 2007 mtu wa huko huko, S. Abdi Sheikh, akatoa kitabu kizima. Tume ya Ukweli ilipokuja, ilikuta mashahidi wako tayari. Ripoti ikatoka 2013. Haki haijatimia, sitawadanganya. Ila leo hakuna anayeweza kusimama akasema Wagalla haikutokea.

Nimebakisha jambo moja gumu, na nilisitasita kulisema.

Historia ya mtaa haina mashujaa tu. Hapa Pwani biashara ya watumwa ilikuwapo na utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria 1907. Hiyo ni jana. Mko humu wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa, na wengine wetu tuna damu zote mbili. Tunapenda kusimulia tulivyoonewa na Mreno na Mwingereza, lakini hili tunalipita kwa mguu mwepesi.

Mama mmoja alinikubali nimrekodi. Akanieleza habari ya nyanya ya mamake, aliyeletwa mtoto mdogo kutoka bara ya mbali, akalelewa kwenye nyumba kubwa, jina lake la kwanza hakulijua tena. Alisimulia taratibu, bila kulia. Mimi nilishikwa. Wallahi nilifikiri ndicho kitu bora nilichowahi kurekodi. Nikakata klipu ya dakika mbili nikaituma kwenye grupu moja, nia yangu watu wajifunze. Kabla ya Isha imeshafika kila mahali. Wajukuu wake wakachekwa shuleni. Kulikuwa na posa ya msichana wao, upande wa pili wakaanza kuvuta miguu.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Alinikaribisha, akanipa maji. Akaniambia: "Mwanangu, mimi nilizungumza na wewe. Sikuzungumza na mji."

Sikuwa na jibu. Sasa hivi kuna sheria ya kulinda habari za watu, ya 2019, na mimi huieleza vizuri sana kwenye warsha. Lakini mimi nilifundishwa na mama yule. Siku hizi kabla ya kurekodi nauliza: nani asikie? Wewe na mimi? Familia? Mtaa? Baada ya wewe kufa? Naandika jibu lake. Na mwisho namsikilizisha, akisema hapa futa, nafuta mbele yake. Amana ni amana hata kama ni sauti.

Mtaniuliza posa iliishaje. Walioana, wana mtoto. Na ile rekodi mama hakutaka ifutwe. Alisema iwekwe, wajukuu wapewe wakiwa wakubwa, wakitaka wenyewe. Iko kwangu, nakala mbili. Mimi mwenyewe sijaisikiliza tena tangu siku ile.

Basi kazi yenu ni hii. Kabla ya Jumamosi ijayo kila mmoja aketi na mtu mmoja, aliyezidi miaka 70, si lazima awe wa ukoo wako. Nusu saa tu. Swali moja: nyumba tuliyoketi, au ile uliyozaliwa, nani aliijenga na kiwanja kilikuwa cha nani? Muulizeni nani asikie. Mukirudi hapa baada ya Asr tutaanza kuchora ramani ya mtaa, karatasi kubwa nitaleta mimi. Akina dada wanaotaka kuanza na nyumba za ndani, ambako mimi siwezi kuingia, nioneni hapa mbele nikishamaliza, kuna daftari.

Na wewe kijana uliyeniambia pale mlangoni kwamba babako mkubwa yuko hospitali, wewe usingoje Jumamosi. Nenda leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.